Siku moja Udzungwa: mwongozo kwa wawili wanaokwenda Maporomoko ya Sanje

Udzungwa si hifadhi ya kukaa garini. Tangu ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, milima hii yenye eneo la kilomita za mraba 1,990 hutembelewa kwa miguu, nyuma ya mwongozaji, kila mtu na maji yake mgongoni. Hakuna foleni ya magari kumzunguka simba mmoja. Kwa mke na mume, au wachumba wanaotaka siku yao wenyewe, hapo ndipo utamu ulipo: mnakuwa pamoja saa nyingi, mna kazi moja ya kufanya, na mkishaingia ndani ya msitu hata simu hazina nafasi ya kuwasumbua.

Kwa siku moja, njia ninayowapendekezea wawili ni ile ya Maporomoko ya Sanje. Maji yanashuka kwa ngazi tatu, jumla yake kama mita 170. Ukiwa bado barabarani, katikati ya mashamba ya miwa, tayari unayaona: mstari mweupe kwenye ukuta wa kijani. Yanaonekana karibu, na ukaribu huo unawaponza wengi. Wanapanda kwa pupa wafike, wapige picha, washuke, na msitu wote uliokuwa njiani wanaupita kama uchochoro. Mimi nasema tembeeni kwa mwendo wa yule mwenye hatua fupi, simameni mara kwa mara, na sikilizeni zaidi ya kutazama. Mengi ninayoeleza hapa chini yanatokana na hilo.

Hatua ya 1: Mwezi, na ukweli kuhusu miili yenu

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo rahisi kutembea. Udongo umekauka, mawe hayatelezi sana, na asubuhi kuna ubaridi mzuri. Machi hadi Mei ni masika. Upande wa mashariki wa milima hii hupokea mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga mteremko na kumwaga mzigo wake hapo. Masika maporomoko yananguruma kwelikweli, lakini njia inakuwa matope na mwongozaji anaweza kuwaambia leo haiendeki. Akisema hivyo, msibishane naye. Mkitaka maji mengi na njia bado inayopitika, Juni na Julai ni miezi mizuri kuliko Oktoba, wakati maji yameshapungua.

Kabla ya kulipa chochote, kaeni mzungumze. Nani ana magoti mabovu? Nani ana pumu au presha? Kuna ujauzito? Nani anaogopa kusimama ukingoni? Mambo haya watu huyaficha kwa kutaka kumfurahisha mwenzake, halafu yanajitokeza katikati ya mlima ambako hakuna bodaboda ya kumshusha mtu. Mzunguko wa Sanje unachukua kama saa nne hadi tano pamoja na mapumziko. Hauhitaji kamba wala ujuzi wa kupanda milima, ila kupanda kupo, na ngazi za udongo na mizizi zinachosha mapaja hata kwa kijana wa mazoezi.

Mmoja wenu akiwa hawezi, msiilazimishe Sanje. Jirani na makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kuna njia fupi ya Prince Bernhard, inayoishia kwenye maporomoko madogo chini ya saa moja, na ile ya Sonjo ya kama saa mbili. Zote ziko ndani ya msitu uleule, na mbega wanaonekana huko pia, pengine kwa urahisi zaidi. Kilele cha Mwanihana, kilicho juu ya mita 2,000, kiacheni kwa safari nyingine yenye hema.

Hatua ya 2: Fikeni Mang'ula siku moja kabla

Safari ya msituni ni ya siku moja, lakini msijaribu kutoka Dar es Salaam alfajiri na kuingia msituni siku hiyohiyo. Mtafika mmechoka, jua liko kichwani, na wanyama wameshatulia kivulini.

Kwa usafiri wa umma, siku hizi mambo yamerahisika. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 inawafikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Mnashuka stesheni, mnachukua usafiri hadi stendi ya Msamvu, na hapo mnapanda basi la Ifakara. Mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Mang'ula, maana basi halingoji mtu aliyelala. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, ambayo zamani ilikuwa vumbi na mashimo matupu, sasa ina lami.

Wenye gari lao wazingatie mambo mawili. La kwanza, barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Fuateni vibao vya mwendo. Swala, nyati na tembo huvuka muda wowote, na anayegonga mnyama hutozwa faini. La pili, mkishakunja kushoto Mikumi mjini na kuipita Kidatu, mnaingia nchi ya miwa. Msimu wa kuvuna, matrekta yenye matela mazito yapo barabarani hadi usiku, mengine taa za nyuma hazionekani vizuri. Pangeni kufika kabla ya giza.

Mang'ula kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida na kambi za mahema kwa wanaotaka zaidi. Popote mtakapolala, hakikisheni kitanda kina chandarua kizima. Bonde la Kilombero linajulikana kwa malaria. Si bure kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa ugonjwa huo ilijijenga Ifakara, hapo jirani. Kama chandarua kina tundu, lifungeni kwa uzi kabla ya kulala, msione aibu kuomba sindano mapokezi.

Jioni hiyo nunueni vya kesho. Sokoni kuna ndizi mbivu, karanga, viazi vitamu, mayai. Mwombeni mama ntilie awachemshie mayai manne na kuwafungia chapati au maandazi ya asubuhi, mkimlipa kabla. Bebeni vyakula kwenye kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na msituni haifai hata kama ingeruhusiwa, kwa sababu inapiga kelele na nyani wanaijua maana yake.

Hatua ya 3: Malipo, vitambulisho na mwongozaji

Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa pesa taslimu. Mnapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki, au mnatumia kadi. Hakikisheni kwenye simu kuna salio la kutosha na bando, na kama inawezekana malizeni jambo hili makao makuu Mang'ula siku moja kabla, ili asubuhi muelekee Sanje moja kwa moja. Kituo cha Sanje kiko upande wa kaskazini, kama kilomita tisa kurudi njia ya Kidatu.

Bebeni vitambulisho vyenu halisi. Bei ya raia, ya mgeni mkazi na ya mtalii kutoka nje hazilingani hata kidogo, na mtu asiyekuwa na kitambulisho cha NIDA wala pasipoti atapata shida kuthibitisha kwamba anastahili bei ya nyumbani. Hili liwahusu hasa wale ambao mmoja ni Mtanzania na mwenzake ametoka nje: kila mmoja hulipa kwa hadhi yake, ndoa haibadilishi. Waulizeni pia ada ya mwongozaji na muda wa kuingia na kutoka, na mwombe risiti kwa kila kitu.

Kuingia msituni bila mwongozaji hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa nisingewashauri. Humu kuna tembo na nyati, na kwenye njia ndefu huongezwa askari wa uhifadhi mwenye silaha. Lakini mwongozaji si mlinzi tu. Wengi wao wamezaliwa vijiji hivihivi, chini ya mlima, na wanaujua mti kwa gome lake na ndege kwa sauti. Mkishakutana naye, salimianeni vizuri, mwambieni majina yenu, kisha mwambieni mambo matatu bila kuzunguka: mnapenda kwenda polepole, nani kati yenu anahitaji kuangaliwa, na mnataka kuona nini. Mwongozaji akishajua kwamba hamfukuzii picha, anabadilika. Anaanza kufundisha.

Hatua ya 4: Cha kuvaa na cha kubeba

Suruali ndefu nyepesi, soksi zinazofika juu ya kifundo, viatu vilivyofunga na vyenye meno chini. Raba za mtaani zenye soli iliyolainika zitawaangusha kwenye mawe. Shati la mikono mirefu, la rangi ya udongo au majani. Koti la mvua hata kama ni Agosti. Maji lita mbili kila mtu, bila ubishi wa "tutagawana". Dawa ya mbu, plasta, dawa za maumivu, chumvi na sukari ya kuongeza nguvu. Simu ziwekeni ndani ya kitu kisichopitisha maji, maana chini ya maporomoko hewa yenyewe ni maji.

Halafu bebeni khanga mbili. Sisemi kwa mapambo. Khanga moja mtakalia mkila, maana mizizi na mawe vina unyevu saa zote. Ya pili ni taulo mkishaoga, ni pazia la kubadilishia nguo mbele ya mwongozaji ambaye ni kaka wa watu na hapaswi kuwekwa kwenye aibu, na ni kitambaa cha kufunga kifundo kilichoteguka. Ikikunjwa haina uzito. Kama dada amevaa suruali ya kubana na kijijini anajisikia vibaya kupita mbele ya wazee, anajifunga khanga hiyohiyo hadi kituoni, kisha anaikunja.

Njiani hakuna choo. Malizeni haja kituoni, na bebeni tishu na mfuko mdogo wa kurudishia uchafu wenu.

Hatua ya 5: Anzeni mapema, na mpange msafara

Muwe kituoni Sanje saa moja asubuhi au kabla yake. Msitu wa asubuhi una sauti na harakati. Ifikapo saa tano unanyamaza.

Mpangilio wa kutembea ni huu: mwongozaji mbele, mwenye hatua fupi wa pili, mwenye nguvu wa mwisho. Watu hupenda kufanya kinyume, mume anatangulia na mwongozaji wakipiga soga, mke anabaki nyuma akihangaika na pumzi, na kila akiwakuta wameshapumzika wanaanza tena. Yeye hapumziki kabisa. Safari nyingi za wawili zinaharibikia hapo, wala si kwenye gharama. Mwenye hatua fupi akiwa wa pili, mwongozaji anamsikia anavyohema na kupunguza mwendo mwenyewe. Aliye nyuma anapata nafasi ya kutazama juu, na mwenzake akiteleza yupo wa kumdaka.

Dakika 30 za mwanzo nendeni polepole kuliko mnavyoweza. Mkiwa hamwezi kuongea sentensi nzima bila kuhema, mmezidisha. Kunyweni maji kidogokidogo kabla ya kiu.

Hatua ya 6: Simameni, msikilize

Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara na Uluguru, hadi kuishia huku kusini. Kila mlima umekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka, umezungukwa na nchi kavu, na viumbe vyake vimebadilika humohumo. Ndiyo maana kuna wanyama hapa ambao hamtawaona kwingine duniani. Na Udzungwa ina sifa nyingine adimu: miti imeungana bila kukatika kutoka chini bondeni, kama mita 250 kutoka usawa wa bahari, hadi juu ya mita 2,000. Mkipanda Sanje mnaanza na joto la mashamba ya miwa, na kila mkikata kona mnahisi hewa inabadilika shingoni.

Kila baada ya muda mwombeni mwongozaji msimame dakika tano kimya kabisa. Dakika ya kwanza hamtasikia kitu ila mapigo ya moyo wenu. Ya pili wanaanza wadudu. Kufikia ya tatu au ya nne, juu ya vichwa vyenu tawi linapigwa kwa kishindo, halafu jingine: mbega wanaruka. Mbega mwekundu wa Udzungwa ana kofia ya manyoya mekundu kama kutu na mgongo wa kijivu, na haishi popote nje ya milima hii na misitu michache ya jirani katika bonde la Kilombero. Mtazameni mikono: hana kidole gumba cha maana, na bado anadaka tawi bila kukosea. Anakula majani zaidi, kwa hiyo muda mwingi amekaa, tumbo mbele, akimeng'enya. Mbega wa rangi nyeusi na nyeupe naye yupo. Sauti yake ya alfajiri, kuguruma kunakopokezana kutoka kilima kimoja hadi kingine, mtaisikia tangu mkiwa kitandani Mang'ula.

Kwenye ardhi angalieni kwa makini zaidi. Kundi la mangabei wa Sanje hutafuta chakula chini, wakipindua majani na magogo kutafuta mbegu na wadudu. Huyu ni nyani wa kijivu mwenye nywele zilizosimama utosini, na wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji wa Sanje walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina lake miaka yote hiyo. Yupo Mwanihana, mteremko huu mnaoupanda, na kwenye msitu mwingine kusini ya hapa, basi. Mkisikia sauti nzito inayopanda kisha kumalizika kwa kukoroma, mwulizeni mwongozaji kabla hajawaambia.

Kuna pia sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayocheza, anayefukua majani makavu na ghafla kufyatuka mbio. Mwaka 2008 sange wa uso wa kijivu kutoka milima hii alitangazwa kuwa aina mpya, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, na bado hafikii kilo moja. Ni furaha yangu kwamba mambo ya namna hii yanaendelea kugunduliwa katika mkoa wa Morogoro, safari ya siku moja kutoka Kariakoo.

Juu mtaona hondohondo wakipita wawiliwawili. Mabawa yao mnayasikia kabla ya kuwaona. Mwongozaji atawaonyesha mvule, mkangazi, na mikuyu iliyoanzia juu ya mti mwingine na kushusha mizizi hadi kuuvaa mzima. Ulizeni matumizi ya kila mti. Hadi mwaka 2011 wanavijiji waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka. Ilipositishwa, familia nyingi zilibadilisha namna ya kupika. Mwongozaji aliyekulia hapa atawasimulia mama yake alifanyaje. Maelezo ya namna hiyo hayapo kwenye kibao chochote.

Msiwape nyani wala ngedere chakula, wala msile wakiwatazama. Msipige mluzi kuwaita ili picha ipatikane.

Hatua ya 7: Siafu, upupu na nyoka

Siafu huvuka njia kwa msafara mweusi unaong'aa. Mwongozaji akiinua mkono, simameni, angalieni upana wa msafara, ruka mara moja, endelea hatua kumi bila kusimama. Anayesimama katikati kuwashangaa ndiye anayepandwa. Chomekeni suruali ndani ya soksi mapema. Wakishaingia, toka kwenye njia yao kwanza, kisha waondoe mmojammoja kwa kuwashika karibu na kichwa. Ukimvuta mwili, taya zinabaki kwenye ngozi. Hapa pia khanga ina kazi, na mwenzako awe tayari kuishika huku mwongozaji akigeuka upande mwingine.

Upupu ni maganda ya kahawia yenye manyoya laini yanayoning'inia pembezoni mwa njia, hasa kwenye vichaka vya chini mkitoka mashambani, na hukomaa kipindi cha kiangazi. Yanapendeza, mkono unataka kuyagusa. Msiguse. Manyoya yake yakiingia kwenye ngozi yanawasha hadi machozi. Yakikupata, usikune na usisugue kwa maji, utayatawanya. Paka matope au majivu, yaache yakauke, kisha yabandue pamoja na manyoya.

Nyoka wapo lakini ni nadra kuwaona. Kanyageni mahali mnapopaona, msiweke mkono nyuma ya gogo wala ndani ya pango, na mkimwona mwacheni apite.

Hatua ya 8: Kwenye maji

Sauti inatangulia. Halafu hewa inakuwa baridi, majani yanatiririka matone, na ghafla miti inaachia nafasi.

Mwulizeni mwongozaji tangu mwanzo madimbwi ya kuogelea yako wapi na leo maji yakoje. Baada ya mvua kubwa mlimani mto unaweza kujaa ghafla hata kama penu kuna jua. Yeye anausoma kwa rangi ya maji. Mkiruhusiwa kuoga, ingieni kwa kukaa na kuteleza taratibu, msirukie kichwa, kwa sababu miamba iko chini ambako haionekani. Mawe yenye utelezi wa kijani yapiteni kwa viganja na magoti, hakuna anayewapa alama kwa kutembea wima. Ukingo wa juu wa maporomoko si mahali pa picha ya kukumbatiana. Simameni nyuma ya mwongozaji, mita kadhaa kutoka ukingoni, na kutoka hapo bonde lote la Kilombero linaonekana, miwa ya kijani iliyopangwa mistari hadi macho yanapochoka.

Msitumie sabuni. Maji haya yanakwenda kunywewa vijijini, kumwagilia mpunga na miwa, na mwisho yanaingia Rufiji, mto unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Pengine taa ya chumbani kwenu Dar ina tone la Sanje ndani yake.

Tandikeni khanga, kuleni. Mgawieni mwongozaji chakula, maana mara nyingi yeye hakubeba. Mpeni nafasi ya kukaa mbali kidogo, naye atawapa ninyi nafasi yenu; mkimwomba dakika 20 za kuwa peke yenu karibu na dimbwi ataelewa na atakaa mahali anapowaona bila kuwasikia. Hapo ndipo pa kuongea yale ambayo nyumbani yanakosa muda. Msipange ajenda.

Hatua ya 9: Kushuka na kurudi

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti na ndiko watu wanakoanguka, kwa sababu wameshapumzika na wanadhani kazi imekwisha. Fupisheni hatua, kunjeni magoti kidogo, tumieni fimbo ambayo mwongozaji atawakatia kwenye tawi lililoanguka. Palipo na mteremko mkali, shukeni kwa zamu: mmoja ashuke, asimame imara, ndipo wa pili aanze. Msishikane mikono hapo; mmoja akiteleza atamvuta mwenzake. Shikaneni mikono kwenye tambarare.

Mkifika kituoni mpeni mwongozaji bakshishi mkononi, mbali na macho ya watu, na mtaje kitu kimoja alichowafundisha. Kama huduma ilikuwa nzuri, mpelekeeni na mkuu wake neno la shukrani au mliandike kwenye kitabu cha wageni. Mnunue kitu kijijini pia, ndizi, chai, soda, chochote. Watu wa vijiji hivi wanaishi na tembo wanaoshuka kula mazao yao, na juhudi za kuwarudishia tembo mapito kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere zimepita katikati ya mashamba yao. Fedha ya mgeni ikibaki kijijini, wanauona msitu una faida kwao.

Jioni, kabla ya kulala, ogeni kwa maji ya moto na mkaguane kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni palipobana mkanda, nyuma ya masikio, na mgongoni ambako mtu hajioni mwenyewe. Kupe akipatikana, mbaneni kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na mvute taratibu bila kumpondaponda. Msimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Osheni sehemu hiyo kwa sabuni. Nguo za msituni zifueni au zifungwe mbali na kitanda. Na mmoja wenu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, nendeni mkapime malaria siku hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba mlikuwa Kilombero.